Mifupa, Viungo na Kano

1. Mwili unasimama kwa nini?

Nyumba ya udongo ina miti ndani yake. Ukiondoa miti, udongo unaanguka. Vivyo hivyo mwili wa mtu unasimama kwa sababu ya mifupa. Mtu mzima ana mifupa 206. Mrefu kupita yote ni mfupa wa paja.

Mahali mifupa inapokutana panaitwa kiungo. Kunjeni mkono: kiwiko ni kiungo. Kunjeni mguu: goti ni kiungo. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, nalo ni laini, ili mifupa isisagane. Mifupa ya kiungo imefungwa pamoja kwa kano. Kano nyingine zinafunga msuli na mfupa. Shikeni nyuma ya mguu, juu ya kisigino. Mnasikia kitu kinene, kigumu kama kamba? Ndiyo kano. Bila kano hii mtu hawezi kusimama juu ya vidole vya miguu.

2. Kuteguka na kuvunjika

Mtoto akikanyaga vibaya, kano za kifundo cha mguu zinavutwa kupita kiasi. Kifundo kinavimba na kuuma. Huku ni kuteguka. Basi apumzike, ainue mguu, aweke kitambaa chenye maji baridi. Asikandwe kwa nguvu, maana uvimbe utazidi. Kama hawezi kabisa kukanyaga, pengine mfupa umevunjika, apelekwe hospitali.

Mfupa uliovunjika unajiunga wenyewe. Kazi ya mganga ni kuunyoosha na kuutuliza. Wazee walijua jambo hili walipofunga vijiti. Mwaka 1852 mganga wa askari wa Uholanzi, Antonius Mathijsen, aliandika namna ya kufunga mifupa kwa vitambaa vyenye unga wa jasi. Unga huo ukipata maji unakauka, unakuwa mgumu kama jiwe. Mwaka 1895, katika Ujerumani, Wilhelm Röntgen alivumbua mionzi inayoonyesha mifupa ndani ya mwili. Tangu hapo waganga wanaweza kuona mahali mfupa ulipovunjika bila kupasua nyama.

3. Kamba iliyokazwa mno

Mtoto mmoja alianguka kutoka juu ya mwembe, akavunja mkono chini ya kiwiko. Baba yake alitaka kumsaidia. Akachukua vipande vya mwanzi, akavifunga kwa kamba, akakaza sana. Alifikiri: «Nikikaza, mfupa utaungana upesi.»

Usiku mtoto alilia. Baba akasema: «Vumilia, mwanangu. Ni mfupa unaungana.» Lakini maumivu hayakupungua, yalizidi. Nyanya yake akaja na taa. Akashika vidole vya mtoto: vilikuwa baridi, vimevimba, na rangi yake imegeuka. Akamwuliza: «Mjukuu wangu, nikikufinya hapa, unasikia?» Mtoto akajibu: «Hapana, nyanya.»

Nyanya hakungoja kuche. Akakata kamba zote kwa kisu, akamwambia baba: «Mlete hospitali sasa hivi.» Wakampeleka usiku ule ule. Huko mkono ulipona.

Kwa nini alikata kamba? Kwa sababu mkono unavimba baada ya kuvunjika. Kamba iliyokazwa inazuia damu kupita. Nyama isiyopata damu inakufa kwa saa chache, na hapo mganga hana njia ila kukata mkono. Wengi walipoteza mkono au mguu hivi, wala si kwa sababu ya mfupa, ni kwa sababu ya kamba.

Basi mkimfunga mtu aliyevunjika, fungeni vijiti kwa kitambaa laini, bila kukaza. Acheni vidole vionekane, mvitazame mara nyingi. Hata plasta ya hospitali inaweza kubana: vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, rudini upesi kwa mganga.

4. Uti wa mgongo

Uti wa mgongo umefanywa kwa pingili nyingi, moja juu ya nyingine. Ndani yake inapita kamba laini inayopeleka amri za ubongo mpaka miguuni. Kwa hiyo mtu aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi, naye anaumwa mgongo au shingo, asiinuliwe kwa mikono na miguu. Watu wengi wamgeuze pamoja, kama gogo, wamlaze juu ya ubao.

Mkiinua mzigo, kunjeni magoti, mshike mzigo karibu na mwili.

Maumivu mengi ya mgongo yanaisha baada ya majuma machache. Lakini mtoto akiumwa mgongo siku nyingi, akikonda, akipata homa, na kinundu kikitokea mgongoni, hakurogwa. Pengine ni kifua kikuu cha mifupa. Dawa zake zipo, naye atazimeza kila siku kwa miezi mingi bila kuacha. Akichelewa, miguu inaweza kupooza.

Maswali

1. Kano inafanya kazi gani?
2. Mfupa uliovunjika unaungana namna gani?
3. Nyanya aliona dalili gani katika vidole vya mtoto?
4. Baba alimpenda mtoto wake. Basi kosa lake lilikuwa nini?
5. Mwenzenu akianguka na kuumwa shingo, mtafanya nini?