Dawa ya Siku Moja kwa Wiki: Metotreksati na Wenzake katika Tiba ya Baridi Yabisi

Katika mazungumzo ya kila siku jina la baridi yabisi hubebeshwa karibu kila maumivu ya viungo, kuanzia goti la mzee lililolika kwa miaka mingi ya kazi hadi mgongo wa dereva wa masafa marefu. Maradhi yanayojadiliwa hapa ni mamoja tu kati ya hayo, nayo ni yale ambayo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu vya nje, huushambulia utando laini unaofunika kiungo kwa ndani, ukavimba na kunenepa, kisha ukaanza kuila gegedu na mfupa ulio jirani. Vifundo vya vidole na viwiko vya mikono huvimba pande zote mbili za mwili, na asubuhi mikono hukakamaa kwa saa nzima au zaidi, hata kufunga kifungo cha shati kukawa kazi ya kuombewa msaada. Hali ya hewa ya baridi haiyaleti maradhi haya, ingawa kwa baadhi ya watu huzidisha maumivu. Jina limewaponza wengi waliotumia miaka wakinunua sweta badala ya kutafuta vipimo.

Dawa zake zimegawanyika katika makundi mawili ambayo mgonjwa hana budi kuyatofautisha mapema. Kundi la kwanza ni la dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hufanya kazi ndani ya saa chache lakini haziuzuii mfupa kuliwa, na zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuchosha figo. Kundi la pili ni la dawa zinazobadili mwenendo wa maradhi yenyewe, ambazo huhitaji wiki 6 hadi 12, na pengine zaidi, kabla ya kuonyesha nguvu zake. Hapa ndipo tiba nyingi huharibikia, kwa kuwa dawa inayookoa kiungo hukawia na ile isiyokiokoa huwahi, na mgonjwa, kwa mantiki inayoeleweka kabisa, huishikilia ile iliyompa usingizi usiku wa kwanza.

Nguzo ya kundi la pili ni metotreksati. Dawa hii ilizaliwa katika tiba ya saratani mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Sidney Farber alipokuwa akiwatibu watoto wenye saratani ya damu mjini Boston kwa dawa za ukoo huo huo, ambazo huzuia chembe za mwili kuitumia foleti, yaani vitamini inayohitajika kila chembe inapojigawa. Kwa dozi ndogo zaidi dawa hiyo huituliza kinga iliyochachamaa, na mwaka 1988 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha itumike kwa baridi yabisi. Dozi ya kuanzia kwa kawaida huwa kati ya miligramu 7.5 na 15, ikapandishwa taratibu hadi isizidi miligramu 25, na dozi hiyo yote ni ya wiki nzima.

Neno wiki ndilo linalobeba uhai wa mgonjwa. Uboho, ambao ni kiwanda cha damu ndani ya mifupa, pamoja na ngozi laini ya kinywa na utumbo, huhitaji siku za kupumzika kati ya dozi moja na nyingine. Metotreksati ikimezwa kila siku, chembe za damu hushuka, kinywa huchubuka, na wako watu waliokufa kwa kosa hilo peke yake. Kosa lenyewe ni jepesi kulifanya. Kwenye bahasha za dawa nchini Tanzania huandikwa 1×3 kwa maana ya kidonge kimoja mara tatu kwa siku, na siku za wiki nazo watu wamezoea kuzifupisha kuwa J3, J4 na J5. Bahasha ikiandikwa kwa haraka, 1×3 na J3 zikikaribiana, inaweza kusomwa visivyo na ndugu anayemsaidia mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo siku iandikwe kwa jina lake kamili, pamoja na maneno "mara moja tu kwa wiki" na idadi ya vidonge, na mgonjwa akague pia ukubwa wa kidonge kila anapochukua dawa mpya, kwa sababu viko vya miligramu 2.5 na vya miligramu 10, na aliyezoea kumeza vidonge sita vya aina ya kwanza atajitia hatarini akimeza sita vya aina ya pili. Dozi iliyosahaulika inaweza kumezwa ndani ya siku mbili. Zikipita, huachwa hadi siku yake ya wiki inayofuata, wala haifidiwi kwa kuongeza vidonge.

Usumbufu wa kawaida ni kichefuchefu, uchovu wa siku inayofuata, na vidonda vidogo vya kinywa. Asidi ya foliki, ambayo ni ile ile foleti katika umbo la kidonge, huupunguza sana usumbufu huo. Mara nyingi hutolewa miligramu 5 kwa wiki, katika siku isiyokuwa ya metotreksati. Wagonjwa wazoefu hupendelea kumeza dawa usiku baada ya chakula, katika mkesha wa siku isiyo na kazi nzito, ili sehemu kubwa ya kichefuchefu ipite wakiwa usingizini. Hata mwezi wa Ramadhani mpangilio huo haugongani na saumu, maana dawa humezwa baada ya futari, ilimradi maji yanywewe ya kutosha usiku. Tumbo likikataa kabisa, ipo sindano ya chini ya ngozi ambayo wengi huivumilia vizuri zaidi, na ni afadhali kuiulizia kuliko kuacha dawa kimyakimya, kisha kumwambia daktari kwamba inaendelea kutumiwa.

Madhara yasiyoonekana ndiyo yanayohitaji maabara. Kabla ya kuanza, na kila baada ya wiki mbili mwanzoni, kisha kwa vipindi virefu zaidi hadi kila miezi mitatu dozi ikishatulia, hupimwa picha kamili ya damu, ini na figo. Figo hutajwa kwa sababu ndizo zinazoitoa metotreksati mwilini. Mgonjwa anayeharisha au kutapika hadi kukaukiwa maji hubaki na dawa nyingi kwenye damu, na kwa kawaida huelekezwa aiache dozi ya wiki hiyo. Pombe, nayo, huongeza mzigo wa ini. Homa inahitaji tahadhari ya pekee katika nchi zenye malaria, ambako mazoea ni kununua dawa ya malaria na kungoja: kwa anayetumia metotreksati, homa, koo linalouma, michubuko isiyo na sababu au kikohozi kikavu chenye kuishiwa pumzi ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo na kueleza dawa anayotumia kabla ya jambo lingine lolote.

Maelezo hayo yana uzito hasa dirishani mwa duka la dawa. Septrin, inayouzwa kwa kikohozi, kuhara na mengine mengi, nayo huzuia foleti, na ikikutana na metotreksati uboho unaweza kusimama kazi. Fansidar, ambayo wengi huifahamu kwa jina la SP, ina tabia hiyo hiyo. Kwa upande wa uzazi, metotreksati huharibu mimba, hivyo mwanamke anayeitumia huhitaji njia madhubuti ya kupanga uzazi, na anayetaka mtoto huzungumza na daktari miezi kadhaa kabla, si baada ya kukosa siku zake.

Kati ya wenzake metotreksati katika kundi la pili, haidroksiklorokwini ni nyepesi zaidi, na kwa wasomaji wa Afrika Mashariki ni ndugu wa karibu wa klorokwini, dawa ambayo Tanzania iliiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001 na ambayo kuwasha kwake bado kunakumbukwa. Hatari yake kubwa iko nyuma ya jicho, nayo hutegemea dozi na miaka. Ndiyo maana dozi haipaswi kuzidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na macho hupimwa mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano. Sulfasalazini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, jambo lisilodhuru, na hupunguza mbegu za kiume kwa muda, jambo ambalo wanaume hawaambiwi mara kwa mara kama inavyostahili.

Prednisoloni, inayotuliza uvimbe kwa haraka, ina historia yenye kishawishi. Mwaka 1948 Philip Hench, katika Mayo Clinic, alimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, ndugu yake wa kwanza, na ndani ya siku chache mgonjwa aliyekuwa hajiwezi akatembea. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1950, na madhara yakafuata karibu wakati huo huo. Uso hujaa, sukari na shinikizo hupanda, mifupa hupungua uimara, na tezi zinazokaa juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake ya asili, kiasi kwamba anayeikatisha ghafla baada ya kuitumia kwa wiki nyingi anaweza kuzimia. Matumizi yake ya haki ni daraja fupi, la kumvusha mgonjwa hadi metotreksati ishike. Dawa ya kienyeji isiyo na jina inayoondoa uvimbe wote kwa usiku mmoja inafaa kutiliwa shaka, kwa kuwa katika nchi mbalimbali unga wa namna hiyo umekutwa umechanganywa na dawa za jamii ya prednisoloni.

Pale metotreksati na wenzake wanaposhindwa, zipo dawa za kibayolojia kama adalimumabu na infliksimabu, ambazo ni ghali na hufunga mjumbe mmoja wa kinga anayechochea uvimbe. Mjumbe huyo ndiye pia anayewafungia ndani vijidudu vya kifua kikuu waliolala mapafuni kwa miaka, hivyo kabla ya sindano ya kwanza hupigwa picha ya kifua na kufanywa kipimo cha maambukizi yaliyofichika, na anayekutwa nayo huanzishiwa dawa za kifua kikuu kwanza. Chanjo zenye virusi hai nazo hazipewi watumiaji wa dawa hizi. Msafiri anayedaiwa kadi ya homa ya manjano mpakani huhitaji cheti cha daktari cha kumsamehe chanjo, na cheti hicho hushughulikiwa mapema, kabla tiketi haijanunuliwa.