SOMO LETU: SIMU INAFUNDISHA, MIKONO INAOKOA

Mama akianza kuvuja damu baada ya kujifungua, hawezi kungoja muuguzi arudi kutoka semina ya Nairobi. Hapa kwetu Takaba, Kaunti ya Mandera, safari ni ndefu na netiweki haishiki kila mahali. Je, muuguzi atajifunzaje bila kufunga zahanati?

Wenzetu wamejaribu. Mwaka 2005 Amref, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya, walianza kuwafundisha wauguzi wenye cheti hadi diploma kwa njia ya kompyuta, huku wakiendelea na kazi. Baadaye Amref na washirika wake, Safaricom wakiwemo, walianzisha masomo ya LEAP kwa wahudumu wa afya ya jamii. Somo huja kwa ujumbe mfupi na kwa sauti, hivyo hata mulika mwizi inatosha.

Jirani zetu wa Ethiopia nao, mwaka 2013 na 2014, waliwapa wahudumu wa uzazi simu zenye video fupi za kuzuia damu na kumsaidia mtoto asiyepumua. Baada ya mwaka mmoja ujuzi wao ulikuwa umepanda sana. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za kwanza za maisha vilikuwa 14 kwa kila 1,000, na kule kusiko na simu hizo 23. Lakini watafiti walisema wazi kwamba tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kuwa simu ndiyo iliyoileta.

Tunajifunza nini hapo? Simu ni mwalimu, si dawa wala gari la wagonjwa. Basi tufanye hivi:

1. Pakua video ukiwa penye netiweki, uitazame hata ukiwa mbali.
2. Jifunzeni wawili wawili: mmoja anatazama somo, mwingine anatenda kwa mikono. Kisha mbadilishane.
3. Jifunze mapema. Damu ikianza kumwagika, si saa ya kutafuta video.
4. Kagua friji. Oksitosini huhitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikiharibika kwa joto, ujuzi wako utakosa silaha.
5. Usimpige mgonjwa picha ovyo. Siri yake ni amana.

Maswali ya kujadiliana
- Katika zahanati yenu, nani anaweza kuwafundisha wenzake?
- Usiku wa manane, ni gari la nani litakalompeleka mama hospitali? Je, mwenyewe amekubali?