SOMO LETU: DARUBINI NDANI YA NDEGE



Leo tunajifunza habari ya ndege iliyobeba darubini ya kutazama nyota. Mtu atauliza, "Jamani, ndege na nyota wapi na wapi?" Swali hilo ni zuri. Tuanze nalo.

Kwa nini ndege?

Fikiria jiko la mkaa usiku. Mkaa ukiwa mwekundu, unauona. Ukifunikwa na majivu, huuoni tena. Lakini ukisogeza mkono, unasikia joto. Joto hilo ni miale, ndugu yake mwanga, ila macho yetu hayawezi kuiona.

Huko juu angani ziko nyota nyingi changa zilizofunikwa na vumbi, kama mkaa chini ya majivu. Tukitaka kuzijua, lazima tupokee miale yake ya joto. Hapo ndipo ilipo taabu. Hewa yetu ina mvuke wa maji. Mvuke huo unameza sehemu kubwa ya miale hiyo kabla haijafika chini.

Basi wataalamu wakaamua kupanda juu ya mvuke. Marekani na Ujerumani zilishirikiana kutengeneza ndege iliyoitwa SOFIA. Ilikuwa ndege ya abiria aina ya Boeing 747SP, iliyoundwa mwaka 1977. Ubavuni, nyuma ya bawa la kushoto, ilikatwa nafasi ikawekwa mlango mkubwa. Ndani yake ikawekwa darubini ya Wajerumani yenye uzito wa tani 17. Kioo chake kilikuwa na upana wa meta 2.7. Ndege iliruka usiku hadi zaidi ya kilometa 12 juu, mlango ukafunguliwa. Huko, zaidi ya asilimia 99 ya mvuke wote ilikuwa imebaki chini.

Chombo si darubini

Hapa tuwe waangalifu. Darubini inakusanya miale tu. Kinachoipima ni chombo kinachofungwa nyuma yake. Tufananishe na mashine ya kusaga. Injini ni ile ile, lakini ukibadili chekeche unapata unga wa namna nyingine. SOFIA nayo ilikuwa na vyombo kadhaa, na kwa kawaida iliruka na kimoja. Ikirudi chini, mafundi waliweza kukitoa na kufunga kingine.

Hii ndiyo faida ya ndege. Setilaiti ikishapelekwa angani, kwa kawaida fundi hawezi kuifikia tena. Ndege hurudi nyumbani asubuhi. Kilichoharibika kinatengenezwa, na kilichochakaa kinabadilishwa.

Mpango wa chombo kipya

Lakini chombo kipya hakiji kwa kutamani tu. Wapangaji walipaswa kujibu maswali haya:

1. Tunataka kujua nini? Swali hutangulia, chombo hufuata. Mkulima hanunui mbegu kabla hajajua atalima nini.

2. Ufundi upo, au bado ni wazo? Kifaa kilichofanya kazi vizuri juu ya meza huenda kikashindwa ndani ya ndege inayotikisika.

3. Kitapoa vya kutosha? Chombo chenyewe kikiwa na joto, kitajipima chenyewe badala ya kupima nyota. Kwa hiyo vingi hupozwa kwa heliamu iliyogeuzwa kuwa majimaji. Baridi yake ni nyuzi 269 chini ya sifuri.

4. Ni salama? Ndani ya ndege wamo watu. Kila kifaa lazima kifungwe imara na kukaguliwa.

5. Fedha na muda vinatosha?

Mifano mitatu

Chombo kimoja kiliitwa GREAT. Mwanzoni kilipima sehemu moja ndogo ya anga kwa wakati mmoja. Wajerumani wakakiboresha, kikaanza kutumia vipokezi 14 kwa pamoja. Ni kama kuvuna shamba kwa mikono mingi.

Cha pili kiliitwa HAWC. Kabla hakijaanza kazi, mpango wake ulibadilishwa. Kiliongezewa uwezo wa kuonyesha nguvu za sumaku katikati ya nyota. Mwaka 2016 kikaanza kuruka kwa jina la HAWC+.

Cha tatu, HIRMES, kilichaguliwa mwaka 2016. Kilikusudiwa kuchunguza mavumbi ambamo sayari huzaliwa. Lakini kazi ilichelewa na gharama ikapanda. Mwaka 2020 kikasimamishwa kabla hakijaruka hata mara moja. Swali la tano ndilo lililokiangusha.

Mavuno na mwisho wake

SOFIA ilitazama anga kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Mwaka 2018 wataalamu waliigeuzia Mwezi kwa majaribio tu. Chombo walichotumia hakikuundwa kwa kazi hiyo. Wakakuta dalili za maji mahali panapopigwa na jua! Habari ilitangazwa mwaka 2020. Maji yenyewe ni machache sana: kama chupa moja ndogo ndani ya udongo wa meta moja kila upande. Hata jangwa la Sahara lina maji zaidi.

Hata hivyo, kuiendesha ndege hiyo kuligharimu zaidi ya dola milioni 80 kila mwaka. Mwaka 2021 kamati ya wataalamu wa Marekani ilipima mavuno na gharama, ikashauri kazi ikomeshwe. Wengine walisikitika. Walisema ndege inaachwa wakati vyombo vyake vimeanza kuzaa matunda, na miale mirefu ya joto haitakuwa na wa kuipokea. Hata darubini kubwa ya James Webb, iliyopelekwa angani mwaka huo huo wa 2021, haipokei miale hiyo mirefu.

Safari ya mwisho ya kazi ilimalizika tarehe 29 Septemba 2022. Sasa ndege hiyo imewekwa katika makumbusho huko Tucson, Marekani.

Sisi tunajifunza nini? Chombo kizuri kinachochelewa huweza kukuta shamba limeshafungwa. Na tunapopanga mradi wowote, uwe wa kisima au wa mashine, tuhesabu gharama za kuuendesha kila mwaka, si bei ya kununulia peke yake.

Maneno mapya
Mvuke: maji yaliyogeuka kuwa hewa.
Kipokezi: kifaa kinachopokea miale.
Setilaiti: chombo kinachozunguka dunia huko juu angani.

Maswali ya kuzungumza
1. Kwa nini darubini ilipandishwa kwa ndege?
2. Ndege inaishinda setilaiti kwa jambo gani?
3. Kama ungekuwa katika kamati ile ya mwaka 2021, ungeshauri nini? Toa sababu zako.