Mgonjwa wa pumu, usiache pampu kwa kuwa umepata nafuu

Tunapopita majumbani, wengine mnatuambia: "Sasa nalala vizuri, pampu ya kila siku nimeiacha." Hapo ndipo hatari inapoanza. Unalala vizuri kwa sababu ya dawa hiyo. Hutuliza uvimbe ndani ya mirija ya hewa polepole. Ukiiacha, uvimbe hurudi, na moshi wa kuni au vumbi unaweza kukubana usiku.

Pampu hiyo haileti uraibu. Ivute kama ulivyoelekezwa, hata siku usipokohoa. Kisha sukutua mdomo na uteme maji, ili usipate utandu mweupe ulimini.

Pampu ya kufungua kifua, mara nyingi ya buluu, ni ya wakati wa kubanwa. Isipokusaidia, kimbilia kituo cha afya mara moja. Na dawa ikikaribia kwisha, njoo mapema. Usisubiri kubanwa.