Bariyeri ya mvua na bariyeri ya mto

Ndugu watumishi, na ninyi mama zetu mnaopanda juu ya magunia kwenda soko la Baraka, leo tuongee juu ya ule mti unaolazwa barabarani.

Kwetu bariyeri ni za namna mbili, nasi tunazichanganya. Ya kwanza ni bariyeri ya mvua. Inafungwa wakati mvua inanyesha na kwa muda baada yake, ili gari nzito zisikate barabara ya udongo ingali laini. Shofere akitoa noti, mlinzi akainua mti, barabara inaharibika, lakini shofere anafika kwake. Hapo ndipo tulipojifunza ubaya: tunafikiri kila bariyeri ni jambo la noti.

Ya pili inawekwa mahali mto umefurika. Pengine ni matawi mabichi tu, ao mawe na pipa. Hiyo hailindi barabara. Inakulinda wewe.

Sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ndiyo sheria ya barabara ya inchi yetu, inamtaka kila shofere atii alama na amri za polisi wa barabara. Duara nyeupe yenye ukingo mwekundu maana yake gari isipite. Shefu akikuambia “pita tu, tumechelewa”, kumbuka kwamba usukani uko mikononi mwako, si mwake. Kule Arizona, Marekani, tangu 1995 shofere anayezunguka bariyeri ya maji na kukwama anaweza kulipishwa gharama za kumwokoa, mpaka dola 2000. Watu wa huko wanaiita sheria ya shofere mpumbavu. Sisi hatuna helikopta. Waokoaji wetu ni vijana wa kijiji na kamba, nao pia wanaweza kuzama.

Kwa nini gari inashindwa? Maji ya sentimeta 30, hayajafika hata kwenye goti, yanaweza kuelesha gari ndogo. Ya sentimeta 60 yanachukua hata jipu. Mbio ya maji ikizidi mara mbili, nguvu yake inazidi mara nne. Tena maji ya matope yanaficha: huwezi kuona kama kilalo kingali pale.

Wala usiangalie mbingu ya Baraka peke yake, maana mito yetu inashuka kutoka milimani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025 maji yalivamia Kasaba, katika sekta ya Ngandja hapa Fizi, watu wakiwa nyumbani. Hesabu ya wafu iliyotangazwa ilipita 100.

Mimi pia nilikosa. Siku moja tulikuwa na mama mwenye mimba, uchungu umemshika, nikamsukuma shofere apite kwenye matawi. Alizima gari, akatia funguo mfukoni. Nilimkasirikia sana. Baada ya masaa matatu maji yalishuka, tukaona nusu ya barabara, upande wetu, imekwenda na mto. Mtoto alizaliwa hapo hapo garini, kwa mwanga wa tochi.

Tangu siku ile sitoki bila blanketi, vyombo vya kuzalisha na bidoni ya maji yaliyochemshwa. Ninyi pia chukueni maji yenu, maana anayengoja kando ya mto anashikwa na kiu, na maji ya mafuriko yanaweza kuleta kolera. Mgojee mbali na ukingo, pahali pa juu, watoto wakiwa wameshuka garini.