MACHO YAKO NJIANI WAKATI WA KONJI

Ndugu mfanyakazi, desturi ya kazi unaijua. Huingii mahali pa kusaga mawe bila miwani ya usalama, na fundi wa kuunganisha vyuma hawashi moto kabla hajashusha kifuniko cha uso. Lakini siku ya konji ikifika, miwani inabaki kazini, na wewe unapanda juu ya kamio, juu ya mifuko ya makala au simenti, uso mbele ya upepo toka asubuhi mpaka jua kuzama. Macho ni yale yale. Njia haijui kwamba uko konji.

Kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna lami. Lakini wengi wetu safari yao haiishi hapo. Ukiacha lami na kuingia njia za udongo wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9, kila gari linalopita linakuachia wingu la vumbi. Vumbi hilo lina chembe za mchanga na mawe, na juu ya kamio utaongeza unga wa makala.

Sikiliza namna jicho lilivyo. Mbele yake kuna ngozi inayoangaza kama kioo. Unene wake katikati ni kama nusu ya milimeta tu. Haina mishipa ya damu, na kwa hiyo mwangaza unapita. Ukichubuka kidogo na jicho likabaki safi, mara nyingi utapona kwa siku moja mpaka tatu. Lakini mikrobi ikiingia katika mchubuko, kidonda kinaanza, na kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe. Kovu likikaa katikati, utaona kama mtu anayechungulia ndani ya ukungu, hata kama maumivu yamekwisha.

Basi, chembe ikiingia, usisugue! Ni vigumu, tunajua, mkono unakwenda wenyewe. Lakini kusugua ni kulikwaruza jicho kwa chembe ile. Fumba na kufumbua macho mara nyingi, uache machozi yafanye kazi yake. Isipotoka, nawa mikono, inamisha kichwa upande wa jicho linaloumia, na mtu akumwagilie maji safi pole pole. Ndiyo maana bidoni ya maji ya kunywa isiwekwe chini ya mizigo yote. Kama bado inachoma, funika jicho kwa kitambaa safi bila kulibana, uende kwenye dispanseri siku ile ile. Na kama kitu kimechoma na kusimama ndani ya jicho, kipande cha chuma au cha mti, usikivute, usimwage maji, usikandamize. Funika kwa kikombe safi kisichogusa jicho, uende lopitali.

Simenti, chokaa na asidi ya batri ni jambo lingine kabisa. Mfuko wa simenti ukipasuka juu ya kamio, au shofere akirekebisha batri na asidi ikaruka, hapo dakika zinahesabiwa. Fungua kope kwa vidole, toa unga unaoonekana, umwage maji mengi mfululizo, dakika 20 au 30 bila kusimama. Maji safi yakikosekana, tumia maji uliyo nayo. Chokaa na simenti huendelea kuingia ndani ya jicho hata mtu akidhani maumivu yamepungua. Kisha kwenda lopitali ni sharti, hata kama unaona vizuri.

Sasa tuseme juu ya dawa za njiani. Gari likisimama na wewe una jicho jekundu, kila abiria anakuwa muganga. Huyu anasema maziwa ya mama, yule utomvu wa majani, mwingine sukari au mkojo. Wanasema kwa upendo, lakini vitu hivyo vinaingiza mikrobi katika kidonda, na macho mengi yamekufa kwa njia hiyo. Baba, mama, kataeni, hata kama anayeshauri ni mkubwa wa ukoo. Anakuja pia muuzaji mwenye mfuko wa vichupa. Matone mengine ya namna hiyo yana kortizoni. Wekundu unapungua upesi, nawe unamsifu muuzaji, kumbe chini yake kidonda kinazidi kula. Jicho jekundu lenye maumivu, lisilopenda mwangaza, au linaloona giza, halingoji mwisho wa konji.

Ugonjwa wa macho mekundu ambao watu wengi huuita Apolo unapita upesi ndani ya gari lililojaa. Kila mtu na kitambaa chake, na mikono inawe mara kwa mara.

Wewe ambaye muganga amekuandikia matone ya glokoma, yachukue ya kutosha siku zote za konji, uyaweke katika mfuko wa mkononi, si chini ya turubai linalochomwa na jua. Glokoma mara nyingi haiumi, na nguvu ya macho iliyopotea kwa ugonjwa huo hairudi.

Ukifika kijiji kilicho karibu na mto wenye maji ya kasi, vaa nguo ndefu mchana, kwa sababu ya inzi wadogo weusi wanaoleta upofu wa mto. Si kuumwa mara moja kunakopofusha, ni kuumwa sana miaka mingi. Kama wagawaji wa vidonge wanapita kijijini, wafuate na kuwauliza, wao watakuambia kama unapaswa kumeza. Tangu mwaka 1987 kampuni iliyotengeneza dawa hiyo huitoa bure.

Na ukirudi kazini jicho likiwa bado jekundu au linaona vibaya, mwambie mkubwa wako wa kazi na upite kwa muganga kabla hujashika mashine. Mwenye jicho moja bovu hukosea kupima umbali, na wenzake wanafanya kazi karibu naye.