Herufi moja ya mwisho: kusoma sesterti ya Traianus

Mkusanyaji wa sarafu za shaba za makaisari wa Roma hutazama kwanza sura ya kaisari. Sisi wanafunzi wa lugha tuanze na maandishi yanayoizunguka. Tuchukue sesterti ya Traianus, sarafu kubwa ya shaba iliyochanganywa na zinki, yenye thamani ya asi 4. Upande wa sura tunasoma:

IMP CAES NERVAE TRAIANO AVG GER DAC P M TR P COS V P P

Upande wa pili: S P Q R OPTIMO PRINCIPI, pamoja na S C.

1. Vifupisho. S P Q R ni Seneti na watu wa Roma. S C ni «kwa azimio la Seneti». COS ni konsuli. GER na DAC ni sifa za ushindi juu ya Wajerumani na Wadakia.

2. Sarufi. Hakuna kitenzi hata kimoja. Ni nani basi anatenda, na nani anatendewa? Kwenye sarafu za Nero jina huandikwa NERO CLAVDIVS CAESAR, yaani kama kiima. Hapa tunaona TRAIANO: mwisho -O unaonyesha anayepewa. NERVAE peke yake haitoshi, kwa kuwa -AE yaweza kumaanisha «ya Nerva» au «kwa Nerva». Kama ingekuwa TRAIANI, tungesoma «ya Traianus». Kwa hiyo pande mbili zinaungana kuwa sentensi moja: Seneti na watu wa Roma wanampa heshima hii Traianus, kiongozi bora kabisa. Tazama tafsiri yetu: Kiswahili kimedai kitenzi, na -m- ya wanampa inabeba kazi ya -O.

3. Tarehe. Traianus alikuwa konsuli mara ya tano mwaka 103, na mara ya sita mwaka 112. COS V inaiweka sarafu kati ya 103 na 111.

Ndiyo maana kusugua kutu kwa brashi ya chuma ni hasara. Sarafu itang'aa, lakini I ikifutika, COS VI inakuwa COS V na tarehe inarudi nyuma. O ikifutika, hatujui tena nani alipewa.

Zoezi: andika TRAIANVS mahali pa TRAIANO. Je, pande mbili bado ni sentensi moja? Eleza.